Mama Nawa na Zambarau ya Saa Sita

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wafanyakazi wa idara zote, kwamba stuli ya benchi namba tatu katika maabara yetu, yenye miguu minne ambayo haijawahi kukubaliana, itakuwa wazi kuanzia Jumatatu. Wanaoitamani wasijisumbue kuandika barua. Stuli hiyo imezoea mtu mmoja, na imekwisha kuwaangusha wawili waliojaribu kuikalia alipokuwa likizo.

Mtu huyo ni Mama Nawa. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya kuitumikia maabara kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Jina lake la kwenye faili wanalijua watu wa utumishi. Sisi wengine tumeishi na hili, alilolipata kwa sababu kila salamu yeye huijibu kwa swali moja. Daktari mmoja mgeni alimwambia, "Shikamoo, Mama," akajibiwa, "Marahaba, umenawa?" Daktari akafikiri kidogo, akageuka, akaenda kunawa. Mpaka leo hatujui alikuwa amekuja kuuliza nini.

Alianza kazi kama muosha vichupa. Enzi hizo maji ya vipimo yalivutwa kwa mrija na mdomo, kama mtu anavyokunywa soda, ila hapa ulitakiwa usiufikishe mvuto mwisho. Mkuu wa maabara wa wakati huo, mzee wa tai na heshima zake, siku moja aliufikisha. Ndani ya mrija kulikuwa na mkojo wa mgonjwa. Akatema, akasukutua, akapangusa ndevu, kisha akachukua kalamu na kuandika matokeo: sukari ipo. Wote walicheka isipokuwa muosha vichupa. Yeye alikwenda kutafuta kipira cha kuvutia na kukifunga kwenye mrija bila kuomba ruhusa. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya usalama, na haikuandikwa popote mpaka leo.

Akaenda kusomea cheti, akarudi. Akaenda kusomea stashahada huku ananyonyesha, akarudi. Amesoma slaidi za malaria na za makohozi nyingi kiasi kwamba, kwa maneno yake, amewatazama wadudu zaidi kuliko alivyowatazama shemeji zake, na wadudu hawakuwahi kumwomba lifti. Alihamisha chakula chetu kutoka kwenye friji ya sampuli kwa njia ambayo haijasahaulika: asubuhi moja kila bakuli lilikutwa limebandikwa namba na kuingizwa kwenye rejesta. Mstari wa nne ulisomeka hivi: "Sampuli: maharage. Mwenyewe: Profesa. Hali ilipopokelewa: inatia shaka."

Profesa si profesa. Ni fundi wa vipimo vya damu katika benchi namba mbili, mwenye jibu kwa kila swali na swali kwa kila jibu, na kwa miaka kumi na moja amekuwa jirani wa Mama Nawa na mwanafunzi wake asiyekubali kuwa mwanafunzi.

Kisha likaja gonjwa lile.

Kila aliyekuwa kazini anakumbuka wiki zake za kwanza. Sampuli zilikuja asubuhi kwa trei, karatasi ya maombi ya kila mgonjwa ikiwa imeviringishwa kwenye kichupa chake na kukazwa kwa mpira, jinsi wodi zilivyozoea tangu zamani, kama zawadi. Kichupa kikivuja, karatasi ililowa. Karatasi hiyo hiyo ilifunguliwa, ikanyooshwa kwa kiganja, ikapita dirishani, ikaingia kwenye faili. Glavu zilikuwa haba. Kila mmoja alipewa pea moja mpaka saa sita na nyingine mpaka jioni, na kwa kuwa ukiivua hupati mpya, ni wachache walioivua. Glavu ikafungua mlango, ikapokea simu, ikakuna kichwa. Mtu aliyevaa glavu hujiona ana mikono misafi. Anasahau kwamba glavu nayo ina mikono.

Lakini tulikuwa waangalifu kweli kweli kwa mambo ya kuonekana. Tulipulizia dawa nyayo za viatu. Tulipulizia redio. Kuna aliyepulizia kivuli chake, ingawa anakana.

Wageni wakaja kutoka ofisi ya juu na dodoso la kupima uelewa wetu. Je, virusi huenea vipi? Je, glavu hubadilishwa lini? Je, ni ruhusa kugusa uso ukiwa kazini? Maabara yetu ilipata asilimia tisini na sita. Profesa alipata mia kwa mia, na alijaza dodoso lote kwa kalamu ya benchi, akiitafuna mwisho kila alipofika kwenye swali gumu. Mkuu wetu wa maabara aliyabandika matokeo ukutani. Mama Nawa aliyasoma yote, akasema tu, "Basi tunajua," akarudi kwenye stuli yake.

Wiki iliyofuata habari ilifika kutoka maabara jirani. Wenzetu watatu walikuwa wameugua, na mmoja hakurudi. Alikuwa mtu wa benchi kama sisi, na uelewa wake, tuliambiwa, ulikuwa mzuri sana. Siku hiyo hakuna aliyewasha redio.

Jumanne moja Mama Nawa aliingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, akamkuta msafishaji wetu, yule ambaye maabara nzima humwita Shemeji bila kujua ni shemeji wa nani. Alimwambia siri na kumwomba awe shahidi. Kisha akavaa glavu pea mbili, akaketi mbele ya kabati la kioo linalovuta hewa, akachukua vichupa sita vitupu na kuvipaka kwa nje ule unga wa zambarau tunaotumia kuwapa rangi bakteria, akiwa ameuchanganya na poda. Mkavu, unga ule ni vumbi tu. Ukikutana na maji ndipo unapojitangaza, na haunong'oni. Akaviringisha karatasi za wagonjwa wa kubuni, akavikaza kwa mpira, akatupa glavu, akanawa mpaka viwiko. Mwisho akachukua kitambaa cheupe kilicholowa na, mbele ya Shemeji, akafuta mkoba wake, simu yake, koti lake na miwani yake. Kitambaa kilibaki cheupe. Vichupa sita vikaingia kwenye trei ya asubuhi pamoja na arobaini na moja vya wagonjwa wa kweli, na kazi ikaanza kama kawaida, naye akafanya yake pamoja na wengine.

Saa nne mtu mmoja aliona alama kwenye sikio la mkuu akadhani ni wino. Joto lilikuwa limeanza, na mkuu hutoka jasho mapema.

Saa sita kamili Shemeji aliingia na ndoo ya maji na vitambaa vyeupe, akaanza kufuta. Kitasa cha mlango: zambarau. Bomba la sinki, lile tunalonawia: zambarau. Swichi ya taa, mfuniko wa chupa ya chai, mgongo wa kiti cha wageni. Kila alipopitisha kitambaa, rangi ilichomoza kama imeitwa kwa jina. Mama Nawa akatueleza alivyovipaka vichupa sita asubuhi, na watu wakaanza kucheka. Kalamu ya Profesa ilipofutwa ikageuka ua, na aliposhusha barakoa akanyooshewa kioo, akakuta midomo yake imepakwa vizuri kuliko ya bibi harusi. "Kumbe unapendeza," Shemeji akamwambia, "nani anakuoa?" Mkuu alikuwa ametoka kuipigia ofisi ya juu kuwahakikishia kwamba hatua zote zinazingatiwa. Simu ilikuwa zambarau, na sikio lililopokea pongezi pia.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kicheko kilikatika pale Mama Nawa alipoutoa mkoba wake mwenyewe na kumwambia Shemeji, "Na huu."

Mkoba ulitoa alama moja, kwenye zipu. Miwani ilitoa alama pale kati, inapokaa juu ya pua. Ndani ya mkoba kulikuwa na bahasha ndogo ya vidonge vya presha vya mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na mmoja anayeishi naye dakika kumi kutoka hapa. Kila siku saa saba Mama Nawa alikwenda nyumbani kumpa dawa, na kwa kuwa bibi hamezi mpaka awekewe mdomoni, aliwekewa kwa vidole vya binti yake. Mdomo wa bahasha ulikuwa zambarau.

Alisimama akiitazama. Alielewa kabla yetu. Tangu barakoa zianze, miwani yake ilikuwa ikipata ukungu na kuteleza, naye alikuwa akiipandisha kwa kidole cha katikati, kidole chenye glavu, bila kujua. Saa nne alivua glavu, akanawa vizuri kama anavyonawa siku zote, akaipandisha miwani mara moja zaidi kwa kidole kile kile kilichotakata, akafungua mkoba, akahesabu vidonge vya mchana.

Profesa ndiye aliyempa njia ya kutokea, na alimpa kwa mapenzi. "Mama, wewe ndiye uliyeipaka asubuhi. Lazima ikushike. Yako haihesabiwi." Mkuu akadakia haraka, "Ni kweli kabisa. Ukitoka wewe, benchi namba tatu anabaki nani? Sampuli mia mbili zinasubiri. Zambarau ni yako mwenyewe, Mama."

"Zambarau ni yangu," akajibu. "Na kidole ni changu."

Ni yeye na Shemeji tu waliojua kwamba kitambaa cha asubuhi kilitoka cheupe. Shemeji alikuwa ameshika ndoo na kutazama sakafu, tayari kutokumbuka chochote. Mama Nawa alikwenda kwenye rafu akashusha daftari la ajali, ambalo lilikuwa safi kama la mtoto aliyehama shule, akaandika mstari wa kwanza: tarehe, saa, mhusika ni yeye, kosa ni kugusa miwani kwa glavu, muda ni siku kumi na sita. Siku kumi na sita ndizo zilizokuwa zimepita tangu sampuli za gonjwa lile zianze kufika. Alipomaliza ndipo alipotuambia jambo ambalo hakuwa amelisema: mama yake alikuwa anakohoa tangu juzi. Nyumbani walisema ni vumbi.

Kanuni aliitunga mwenyewe, nayo haikuwa na mlango wa nyuma. Anayejiandikisha anatoka benchi siku kumi na nne, haendi nyumbani, wala hagusi sampuli yake au ya ndugu yake. Akampigia simu wifi yake aende kwa bibi. Akahamia stoo ya vipuri nyuma ya maabara, palipowekwa kitanda cha wodi chenye gurudumu moja bovu. Mganga hajigangi, alisema, na leo ameletewa ushahidi wa maandishi.

Kesho yake muuguzi alitumwa nyumbani kuchukua kijiti cha pua cha bibi, akiwa amevaa mavazi yote, meupe, toka utosini hadi unyayoni. Bibi alimtazama akiingia mlangoni, akasema, "Mwanangu, kama umekuja kurina asali umepotea nyumba." Alikohoa mara mbili akicheka. Muuguzi alitusimulia kichekesho hicho, lakini kikohozi alikisimulia kwanza.

Sampuli mbili zikafika, ya mama na ya binti, na kwa amri ya daftari zilikwenda kwa Profesa. Mama Nawa aliketi nje, kwenye benchi la veranda, upande wa pili wa dirisha la kioo. Hakulia wala hakuomba aharakishiwe. Alitazama mikono ya Profesa tu.

Wanaosema kwamba maabara yetu ilijifunza usalama kwenye semina wangekuwepo alasiri ile. Hakuna aliyegusa simu. Ililia mpaka ikachoka. Hakuna aliyekuna kichwa. Profesa, ambaye huzungumza hata akiwa anapiga mswaki, alifanya kazi saa nzima bila neno. Alifungua kila kichupa ndani ya kabati, akabadilisha glavu ilipotakiwa kubadilishwa, na kila alipomaliza hatua alitupia jicho dirishani, na dirishani kichwa cha Mama Nawa kiliinama kidogo: endelea.

Alivipanga vichupa kwenye mashine ya kuzungusha, akafunga kifuniko, akawasha. Mashine ikapanda sauti, ikaimba vizuri. Dakika ya tatu ikagonga. Ilikuwa sauti ndogo, kama jiwe kwenye mchele, kisha mtetemo. Kila mtu wa benchi anaijua sauti hiyo: kichupa kimepasuka ndani.

Profesa akazima. Mashine ikapunguza, ikasimama. Alijua ni sampuli za nani zimo humo. Alitaka kuokoa kitakachookoka kabla hakijakauka. Akaweka mkono kwenye kifuniko.

Kioo kikagongwa. Mama Nawa alikuwa amesimama. Aliinua vidole kumi, akavifunga. Akainua kumi tena, akavifunga. Akainua kumi tena. Dakika thelathini. Ukungu wa kilichopasuka huwa unaelea ndani ya mashine, nao hauna haraka. Anayefungua mapema anauvuta pumzi. Ni jambo ambalo Profesa alikuwa amelijibu kwa usahihi katika dodoso, swali la kumi na tisa.

"Mama, ni ya bibi!" alisema kwa sauti ya kupenya kioo.

Yeye alitikisa kichwa na kuonesha tena vidole kumi. Hakupunguza hata kimoja.

Profesa akaondoa mkono. Maabara ikatoka nje, mlango ukafungwa, na kwa nusu saa tulisimama kwenye veranda, mita mbili mbili, kama watu waliokosana. Mkuu aliangalia saa yake mara nyingi hivi kwamba mwishowe Mama Nawa akamwambia, "Bosi, iache ipumzike." Ndicho kicheko pekee cha alasiri ile, na kilikuwa kifupi.

Walipofungua, wakiwa wamevaa kila kitu, walikuta kichupa kimoja kimekuwa vipande na kuta za ndani zimelowa. Kilikuwa cha bibi. Cha binti kilikuwa kizima, na jioni kilitoa jibu: hana. Alipoambiwa alishukuru kwa adabu, kama mtu aliyepewa barua ya jirani.

Hivyo muuguzi alirudi asubuhi. Bibi akakataa pua. "Kijiti cha jana kiko wapi? Mmekila?" Akaelezwa kwamba chupa ilivunjika. "Mwambieni binti yangu," akasema, "ndivyo anavyonivunjia vyombo hata hapa." Akatoa pua. Kikohozi kilikuwa bado kipo. Sampuli ikafika saa tatu, Profesa akakagua kichupa dhidi ya mwanga kutafuta ufa, akakigeuza, akakagua tena. Mashine ikaimba mpaka mwisho. Saa nane na dakika kumi akaja dirishani na karatasi, akaibandika kwenye kioo.

Bibi hakuwa na ugonjwa. Lilikuwa vumbi.

Mama Nawa aliisoma yote, pamoja na namba ya sampuli na sahihi. Kisha akanyoosha kidole kuonesha pembe ya juu ya karatasi. Profesa alikuwa amesahau kuandika tarehe. Akaenda kuiandika, na alipokuwa amegeuka mgongo ndipo Mama Nawa alipokaa chini na kujifunika uso kwa kanga aliyoletewa na wifi yake. Alibaki stoo siku zote kumi na nne, ingawa hakuna aliyemdai hata moja baada ya hapo.

Yaliyofuata mnayajua, maana baadhi yenu mliyalalamikia. Karatasi iliyoviringishwa kwenye kichupa ilirudishwa wodini, hata ikiwa ya mgonjwa wa mkurugenzi; wauguzi wakasema maabara wana nongwa, kisha wakaanza kuitia kila karatasi kwenye mfuko wake, mbali na kichupa. Miwani yote ya maabara ina kamba. Simu ya ndani hupokewa kwa kiwiko na huongea kwa sauti ya wazi, kwa hiyo siri za idara zimepungua. Na kila baada ya wiki kadhaa, siku isiyojulikana, Shemeji huingia saa sita na ndoo ya maji na vitambaa vyeupe, na watu wazima wenye vyeti husimama wakitazama kitasa cha mlango kama wanaosubiri hukumu. Daftari la ajali sasa lina mistari hamsini na saba. Profesa ameandika kumi na mmoja, kwa mkono wake mwenyewe, na anajivunia kila mmoja.

Maabara inamshukuru Mama Nawa kwa macho yake, kwa ukali wake, na kwa mstari ule wa kwanza ambao ungeweza kabisa usiandikwe. Inamshukuru wifi yake, na inamsalimu bibi, ambaye sasa ana miaka themanini na mitano na bado hamezi mpaka awekewe. Mama, nenda ukapumzike. Tunakuombea asubuhi za kuamka kwa hiari yako, afya isiyohitaji kichupa, na wajukuu wanaokuja mezani na mikono ambayo hutalazimika kuikagua. Utaikagua tu, tunajua.

Kwa ajili ya kumbukumbu za idara, na kwa idhini ya mhusika, aliyepona vizuri: katika miezi ishirini na miwili ya gonjwa lile maabara yetu ilipata mgonjwa mmoja tu. Ni mkuu, na aliambukizwa kwenye semina ya usalama wa maabara.